Kichochoro Kilichomezwa

Haya alinisimulia wifi yangu juzi, tukikunja nguo. Yanamhusu jirani yake, fundi cherehani.

Mama yake fundi alikuwa hawezi tena kuinuka, na kila jioni ilibidi aogeshwe na kugeuzwa. Nyumba yake iko nyuma tu ya kwa fundi. Mama akikohoa, fundi anasikia. Zamani palikuwa na kichochoro kati ya nyumba hizo mbili. Mji ulipojaa, kila mtu akajisogezea: fundi akajenga jiko, jirani yao, dereva mstaafu, akazungushia ukuta banda lake la kuku, kichochoro kikamezwa. Sasa fundi alizunguka hadi barabara kuu, akapita mtaa mpya ambao karibu kila njia inaishia kwenye geti la mtu, ndipo arudi nyuma. Akifika, mama kishalowa, mgongo umeanza kuchubuka.

Jumamosi moja adhuhuri, alipoifikiria safari ya jioni, miguu ilikataa. Akamwendea dereva.

"Baba, nifungulie kidogo tu nipite kwa mama."

"Na hilo jiko lako?" mzee akamuuliza, akimenya chungwa. "Utaliruka, mwanangu?"

Fundi akaligeukia jiko lake. Kweli, yeye ndiye aliyeanza kujenga pale.

"Nikilivunja?"

"Livunje nione."

Mume wa fundi alirudi kutoka kazini mchana huo akamkuta anang'oa mabati.

"Tutapikia wapi?"

"Barazani."

"Mvua ikinyesha?"

"Tutakula mkate."

Mume akasonya, akavua shati, akachukua nyundo.

Dereva aliketi akiwatazama mpaka tofali la mwisho, kisha akainuka, akaingia ndani. Fundi akajua ndiyo basi tena, jiko limekwenda bure. Kumbe mzee amefuata sururu. Akatoboa kuta zake zote mbili, wa upande wa fundi na wa upande wa mama, upenyo wa mtu kupita kiubavu.

"Mlango nitaweka mwenyewe," akanung'unika. "Na kuku wangu mmoja akipotea, nitajua nimuulize nani."

Jioni fundi akapenya na ndoo ya maji aliyochemshiwa kwa jirani, yangali ya moto. Akamwogesha mama, akampaka mafuta mgongoni, akabadilisha shuka.

"Leo umewahi," mama akasema, na hakukawia kulala.

Fundi akajiambia atapumzika kidogo tu, kisha arudi akatafute pa kuinjika sufuria. Akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda, vumbi la matofali lingali mikononi, usingizi ukampitia.