Sehemu Isiyo na Herufi

"Diski ya kunishinda mimi bado haijaundwa," alisema Injinia, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya shemeji yake kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa mahututi.

Cheo cha uinjinia alijipa mwenyewe, baada ya kozi ya miezi mitatu ambayo mwezi mmoja wake aliumwa.

Mke wa kaka yake, mwenye duka hilo la ushonaji, alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo aliongea kwa upande mmoja.

"Sikiliza, shemeji. Upande mmoja wa diski umejaa pomoni, mwingine mtupu. Ugawe upya, uliojaa uongezewe nafasi. Ila mle ndani kuna kasehemu kamefichwa, hakana hata herufi kama hizo C na D za wenzake. Ndimo yalimo mafaili ya kurudishia. Hii kompyuta ikigoma nabonyeza kitufe, inarudi kama siku niliyoinunua, pamoja na programu ya mashine ya kudarizi. Aliyeniuzia alishafunga duka, akahama. Kakipotea hako, na mimi nafunga."

"Shemeji, unamfundisha nyani kupanda mti."

"Nyani namwona. Kupanda ndiko ninakokusubiri."

Kisha akamwonyesha kona ya dirishani kwa kidevu. "Ukimaliza salama, pale pako. Lete meza yako."

Injinia akameza mate. Tangu aanze kutengeneza simu za watu alikuwa akizitengenezea kitandani, skrubu zikimchoma mbavu usiku. Kona yenye dirisha la barabarani! Kibao alishakichora kichwani, na herufi zake alishazipaka rangi.

Pazia la kichumba cha kujaribia nguo likatikisika. Humo alikuwamo mwalimu wa hesabu, ambaye gauni lake lilikuwa limemchanika ubavuni akiwa njiani. Alilirusha juu ya pazia, akasema atasubiri humohumo na madaftari yake ya kusahihisha, maana hakuja na jingine. Shemeji akalidaka, akatoka nalo barazani kwenye cherehani. Cherehani ikaanza kunguruma, na Injinia akamsahau mwalimu kama vile hajawahi kuzaliwa.

Kazi ilianza vizuri. Upande mtupu aliupunguza bila taabu. Alipotaka kuuongezea ule uliojaa nafasi aliyoipata, programu ikakataa. Akachungulia. Katikati palikuwa na kipande kidogo kisicho na herufi, kimejilaza kama mgeni aliyelala mlangoni: huku hupiti, kule hupiti.

Dawa aliijua. Nakili kipande chote kwenye flashi, kisha kihamishe taratibu. Lakini kunakili kungechukua nusu saa, na kona ilikuwa inamwita. Tena programu ilionyesha kwamba kipande hicho ni kitupu, asilimia mia moja. Akajiambia: kitu kitupu hakiwezi kuwa na mafaili. Cha shemeji lazima kiko mbele huko.

Akakifuta.

Akashuka na orodha, akapanda nayo. Kipande kingine kisicho na herufi hakikuwepo. Kijasho chembamba kikamtoka, kikaanzia masikioni.

Akampigia rafiki yake wa kozi, yule aliyehudhuria miezi yote mitatu.

"Nimekifuta," alinong'ona. "Kile cha kurudishia. Usicheke. Nimekwambia usicheke."

"Umeshaandika kitu juu yake?"

"Bado."

"Basi usiguse kitu. Umeng'oa kibao tu, chumba bado kipo. Una ile flashi yenye programu ya kutafuta sehemu zilizopotea? Washia kompyuta humo, kisha tulia."

Flashi ilikuwepo mfukoni. Programu ikaanza kutafuta, asilimia moja kwa mwendo wa kinyonga. Injinia akaikumbatia kompyuta kwa mikono miwili.

"Rudi, mama," aliibembeleza. "Ukirudi, naapa sijisifu tena mwaka mzima."

Kipande kikarudi. Kizima, hakina hata mkwaruzo. Safari hii Injinia alikinakili kwanza, nusu saa yote, akiwa mpole kama maji ya mtungi. Akakihamisha, akaongeza nafasi, akawasha upya. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Shemeji akaingia na gauni begani. "Vipi, nyani?"

"Kama kumenya ndizi," alisema Injinia, akajinyoosha. "Mkono haukutetemeka. Wengine wangepiga simu kuomba msaada. Mimi? Ya nini?"

Shemeji hakumwamini kwa maneno. Alizima kompyuta, akaiwasha, akabonyeza kitufe chake. Ukurasa wa kurudishia ukatokea, umekamilika. Akaufunga na kuguna kwa kuridhika. Akavua shingoni utepe wa kupimia, akaenda kwenye kona ya dirishani.

"Futi nne," alisema. "Meza itaenea."

Mkono ukatokeza kwenye pazia.

"Fundi, naomba gauni langu," ilisema sauti ya mwalimu. "Na huyo kijana mkumbushe kiapo alichoiapia hiyo kompyuta, baada ya kuongea na mwenzake kwenye simu. Alisema hatajisifu mwaka mzima. Mimi nimehesabu dakika arobaini na moja."

Cherehani ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo hakukuwa na kelele ya kujificha nyuma yake. Shemeji alimtazama Injinia, akautazama utepe. Kidole chake kilikuwa kwenye futi ya nne. Akakirudisha polepole mpaka kwenye ya tatu, akatia alama ya chaki sakafuni.