Mpashe Kwanza

Wiki ya saba ilipoingia bila nyoka kutia kitu tumboni, mama alikosa raha. Si kwa mapenzi. Chatu huyo, mnene kama mpini wa jembe, aliitwa Kamba na alikuwa wa binti yake, aliyekwenda chuo ambako bweni halikubali hata paka. Ukoo mzima ulijua mama alivyomsema mnyama huyo tangu siku ya kwanza. Sasa akifa, binti angeamini kweli kwamba mama hakutia mkono wake? Asingeuliza kitu. Angenyamaza tu, kama baba yake, na kimya cha watu hao wawili mama alikijua.

Jumamosi asubuhi akampigia daktari wa mifugo. Huko upande wa pili mbwa walibweka utadhani wanagombea simu.

"Unampa panya wa kwenye friza?"

"Huyo huyo, daktari. Anamtazama kama barua ya kuachishwa kazi."

"Mpashe kwanza, mama. Mpashe vizuri, usiwe na haraka. Atakula."

Simu ikakatika.

Mama akabaki ameshika kiuno. Kupasha watu alikuweza: alisimamia chumba cha kufulia cha hospitali, na wafanyakazi walianza kunyoosha mashuka wakisikia viatu vyake tu. Lakini nyoka, asiye hata na masikio? Haya, daktari ni daktari. Akamtoa panya kwenye friza ndani ya mfuko wa nailoni, akavuta kigoda mbele ya kizimba cha kioo, akaegemeza mkono wenye panya kando ya taa ya joto, akaanza.

"Wewe Kamba, nakusema wewe, usijifanye umelala! Hapa umekuja hata kijiko huna. Taa yako inawaka mchana kutwa, yangu nikiisahau naambiwa natumia umeme vibaya. Mrefu hivyo, kazi huna! Unamringia nani? Mwanangu anapiga simu kila jioni, salamu hakuna, 'Kamba amekula?' Mimi je? Nani anauliza kama mimi nimekula?"

Hapo akasogeza kigoda karibu zaidi. Akaendelea. Alimpasha saa nzima, mpaka panya akalegea mkononi kama soksi iliyotoka kufuliwa. Akamtoa mfukoni, akafungua kizimba, akamshika mkia kwa koleo, akamtikisa mbele ya nyoka kama anavyotikisa kidole kazini.

"Na leo usipokula, mimi na wewe..."

Pwaa! Koleo likabaki tupu. Mama akaruka, kigoda kikaanguka.

Akampigia daktari huku anahema. "Amekula! Nimempasha mpaka koo limekauka!"

"Koo? Mama, umempasha nani?"

"Nyoka."

"Nilisema umpashe panya!"

"Panya nimpashe la nini, na ameshakufa?"

Daktari alicheka mpaka mbwa wakanyamaza. "Umpashe moto, mama! Nyoka anataka chakula chenye joto!"

Jioni binti akapiga. Mama hakungoja swali.

"Amekula."

Binti akaangua kilio. "Mama, nisamehe. Nilidhani unangoja tu afe."

"Nilijua unadhani hivyo. Wiki nzima sijalala vizuri kwa sababu hiyo."

Binti akapenga kamasi. "Sasa ulifanyaje? Na mbona sauti imekukauka hivyo?"

Mama akamtazama Kamba, aliyejikunja chini ya taa na nundu moja katikati ya mwili, ametulia kama mgeni aliyeshiba.

"Tulizungumza," akasema.