Kurasa Sita za Évariste

Kioo kilizimika katikati ya sentensi, kama kilivyozimika jana na juzi. Léontine hakushtuka. Aliweka kiganja juu ya kisanduku cha kompyuta, akahisi joto lake, kisha akalikariri neno aliloishia. Kesho angeanzia hapo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na wa pili tangu mumewe Évariste apande baiskeli kwenda Niemba kuzungumza na wazee, asirudi. Alikuwa mwalimu. Kompyuta aliachiwa na mapadri walipohama, na ndani yake alikusanya maneno ya Kiholoholo, lugha ya baba yake, ambayo watoto wa Kalemie walikuwa wakiisahau. Kila neno alilipa maana kwa Kiswahili, na kila maana akaiwekea mfano. Mifano hiyo ndiyo iliyomkalisha Léontine kitini kila alasiri. Penye neno la chumvi aliandika: "Mke wangu hutia chumvi huku akiimba, ndiyo maana huzidisha." Penye neno la mvua: "Mvua ilitukuta njiani, akacheka, nikasahau kuwa nimelowa."

Léontine alikuwa Mbembe, mzaliwa wa kaskazini mwa ziwa, na Kiholoholo hakukijua. Sauti ya mumewe aliijua. Ilimjia kwa robo saa, kisha kioo kikawa cheusi. Kipimo hicho alikuwa amekizoea, na moyoni alikipenda, ingawa asingethubutu kumwambia mtu.

Aliyemwita fundi alikuwa Mama Clémence, shangazi wa Évariste, na hakumwomba Léontine ruhusa. Fundi mwenyewe, Papa Idriss, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, na alitengeneza redio karibu na bandari. Alifika Jumamosi asubuhi, akavua viatu mlangoni.

"Inazimika ghafla, au inakuaga kwanza?"

"Ghafla, Papa Idriss. Baada ya robo saa."

"Na ukiiwasha palepale?"

"Inakaa kidogo tu, inazimika tena."

"Basi si umeme. Umeme mbaya hauchagui saa." Hata hivyo aliupima, akaridhika, akafungua skrubu moja baada ya nyingine.

Feni ilikuwa imezibwa na vumbi jeusi, zito, lililogandamana. Idriss alilisugua kati ya vidole vyake. "Hili si vumbi la barabara, Mama. Njo makaa hii."

Léontine aliinamisha uso. "Askari walipopita nyumba kwa nyumba niliifukia kwenye gunia la makaa. Ilikaa humo siku sita."

Idriss hakucheka. "Mimi nimeletewa redio zilizojaa udongo," alisema. "Moja ilijaa unga wa mihogo."

Alilikwangua vumbi kwa unyoya wa kuku na brashi ndogo, akadondosha tone la mafuta ya cherehani. Akaiwasha. Feni, ambayo ilikuwa haizunguki kabisa, ikajaribu, ikakwama, kisha ikazunguka. "Ilikuwa inapata joto bila upepo," alisema akifunga skrubu. "Ikaona heri izime kuliko iungue. Ilikuwa inajilinda tu."

Wakangoja. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Léontine alimletea chai, na kioo kiliendelea kung'aa. Idriss alimtazama.

"Mama, mbona ni kama nimeiharibu?"

Léontine alikigusa kioo kwa ncha ya kidole. "Zimebaki kurasa sita," alisema. "Ikizimika, Évariste alikuwa anabaki na la kuniambia kesho."

Idriss alizungusha kikombe mkononi. Nje wanawake walipita wakizungumza habari za mashua ya Kigoma, sauti zao zikafifia.

"Naweza kulirudisha vumbi lake," alisema hatimaye, kwa utulivu kabisa.

Léontine alicheka mpaka akashika meza. Ulikuwa muda mrefu hajajisikia akicheka. "Acha, Papa. Ila umalizie chai yako hapahapa, tafadhali."

Akasoma. Ukurasa wa kwanza ulimtaja mara mbili, wa pili mara moja. Kisha mifano ikapungua, sentensi zikawa fupi, kama za mtu mwenye haraka ya kwenda mahali. Kwenye kurasa za mwisho maana nazo zilikoma. Palikuwa na maneno matupu, moja chini ya jingine, thelathini na moja, na mbele ya kila moja Évariste alikuwa amejiandikia: kumwuliza shangazi. Kumwuliza shangazi. Kumwuliza shangazi.

Alifika chini kabisa. Kompyuta iliendelea kuvuma taratibu.

"Imeisha?" Idriss aliuliza.

Léontine alifuta macho kwa pindo la kitenge. "Mama Clémence yuko nyumbani saa hii?"

"Nilimwacha akianika ndagala."

Alichana karatasi, akanakili maneno yote thelathini na moja. Alipofika kwa Mama Clémence, alimkuta ameketi mkekani, vidole vyake vikitenganisha samaki wadogo. Léontine alisimama mbele yake, akasoma neno la kwanza kwa ulimi wa kaskazini.

Vidole vya yule mama vikasimama. Midomo yake ikalionja neno lile bila sauti.

"Si hivyo," alisema, akisogea kumpa nafasi. "Kaa. Sema tena, polepole."