Dola ya Kumi na Tatu

Jumamosi asubuhi, vyombo vya kifungua kinywa vilipokwisha kuondolewa mezani, Pascal Iribarne alivaa glavu nyeupe za pamba na kuiweka sarafu ya fedha, dola ya mwaka 1889, juu ya mizani ndogo ya sonara. Uzito ulikuwa sahihi. Aliigeuza, akainamisha kioo cha kukuzia, akaziona herufi mbili za C chini ya tai, zimesimama wima bila kukwaruzwa. Kisha akafungua albamu ya buluu na kuibonyeza sarafu katika tundu lake. Ikaingia kwa mlio mdogo.

Kiwanda cha sarafu cha Carson, chenye alama hiyo ya C mbili, kilipiga dola za aina ile kwa miaka kumi na mitatu tu. Pascal alikuwa mpima ardhi, na katika maisha yake yote ya kazi alikuwa amepata kumi na mbili. Tundu la 1889 lilikuwa wazi kwa muda mrefu kiasi kwamba karatasi ya chini yake ilichakaa kwa kupapaswa na kidole chake.

Aliinunua siku moja kabla, Carson City, kwa Opal Renner, mwanamke aliyeuza sarafu tangu alipofiwa na mumewe. Opal alipunguza bei bila kuombwa, na hilo halikuwa kawaida yake. Kizingiti cha duka lake kilikuwa kimenyunyiziwa unga wa manjano.

“Wa nini?” Pascal aliuliza.

“Sisimizi.”

“Wakubwa?”

“Wazito,” alisema Opal, akamfungia dola yake.

Jioni ya Jumamosi ile mkewe, Nadine, alikuwa anakoroga nyama ya kondoo na kitunguu saumu wakati gololi ya kwanza ilipopita chini ya mlango wa nyuma. Ilikuwa kubwa kama njegere, inang'aa, na iliviringika sakafuni bila haraka kuelekea chumba kilichokuwa na albamu. Nadine alichomoa karata moja kwenye seti waliyochezea mus, mchezo wa karata wa Wabaski, siku za Jumapili, akaichota ile gololi na kuitia kwenye chupa tupu ya jamu.

“Pascal,” aliita, “mto umefika.”

Hakuna mtu wa Dayton, mji wao wa kando ya mto, aliyehitaji kuelezwa maana yake. Zamani, vinu vya kandokando ya mto viliyasaga mawe ya mlimani yenye fedha na kuyachanganya na zebaki, kwa kuwa zebaki huikamata fedha na kuiacha takataka. Fedha ilikwenda Carson ikawa dola. Zebaki nyingi ilikwenda mtoni, na haikuondoka. Darajani kulikuwa na kibao kilichowakataza watu kula samaki, na wajawazito walitajwa kwanza. Jirani yao, Wendell Pogue, alitundika shati lake juu ya kibao hicho kila alipokwenda kuvua.

Jioni ya pili gololi za zebaki zilikuja nyingi. Zilitoka mtoni zikafuata mtaro wa barabara, zikapanda mwinuko. Pascal alitoka na chombo chake cha kupimia usawa, akathibitisha kwamba ni mwinuko kweli na kwamba hazikupunguza mwendo. Majirani waliwainua mbwa wao mpaka msururu ulipopita.

“Jirani!” Wendell alipaza sauti kutoka kwenye baraza lake. “Wageni wako walinigongea wakiuliza njia. Nikawaambia wafuate harufu ya kitunguu saumu, hawatapotea.”

“Walisema wanataka nini?”

“Hawakusema. Ila wamekataa bia.”

Pascal alinunua unga wa salfa, ule ule wa manjano wa dukani kwa Opal, akaunyunyiza kwenye vizingiti vyote. Salfa huishika zebaki na kuigandisha. Ilishika kiasi chake. Iliyobaki ilipita juu ya ile iliyogandishwa.

Katika chumba kilichopakana na albamu alilala binti yao, Corinne, mwenye mimba kubwa. Mumewe, Dustin, alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu karibu na Elko, mbali upande wa mashariki, na nyumba yao huko ilikuwa bado inaezekwa. Corinne alikuja kwa wazazi wake akiwa na masanduku mawili na nia ya kujifungulia Carson City. Sasa kila asubuhi alikuta kitu kinang'aa ndani ya kiatu chake, akakikung'uta dirishani kabla ya kuvaa.

Alikwenda kliniki akatolewa damu. Daktari alimwambia kwamba zebaki imeingia mwilini, bado kidogo, lakini inapanda. Kwamba humfikia mtoto kupitia kitovu na kukaa kwenye ubongo. Na kwamba dawa yake ni kuondoa chanzo, au yeye kuondoka.

Corinne alirudi, akasimama jikoni bila kuvua koti.

“Aita,” alisema. Ndivyo alivyomwita baba yake, kama watoto wote wa wahamiaji wa Kibaski wa bonde lile. “Hivi vitu vinakufuata wewe, au vinazifuata dola zako?”

Pascal hakupenda kujibu swali linaloweza kupimwa kabla ya kulipima. Kesho yake alipeleka albamu benki, ikafungiwa kwenye sanduku la chuma. Jioni ile nyumba ilikuwa kavu. Asubuhi iliyofuata meneja alipiga simu. Alisema kwa adabu kwamba masharti hayaruhusu kuhifadhi kitu chochote kinachovuta majimaji, na kwamba mama mmoja ameteleza karibu na dirisha la tatu. Pascal akaenda kuichukua albamu.

“Vinazifuata dola,” alimwambia Corinne.

“Basi zirudishe mtoni. Gari lipo, na daraja halijahama.”

“Haiwezekani kuzipata tena zote kumi na tatu.”

“Na huyu?” Corinne aliweka mkono tumboni. “Huyu inawezekana kumpata tena?”

“Kipimo chako bado kiko chini ya kiwango cha hatari,” alisema Pascal. Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa ameisoma ile karatasi ya kliniki mara mbili.

Nadine aliweka bakuli la maharage mezani kwa kishindo. “Fedha ambayo haijawahi kununua hata mkate,” alisema. “Ilitoka kiwandani ikafungiwa ghalani, ikatoka ghalani ikafungiwa kwako. Hata mbuzi wa Wendell ana kazi.”

“Ndiyo maana ina thamani.”

“Kula, chakula kitapoa.”

Walikula. Gololi tatu zilipita chini ya meza, na Corinne akainua miguu.

Mwisho wa wiki alitangaza kwamba anakwenda Elko, paa liwe limekwisha au halijakwisha. Dustin alikuja kumchukua. Nadine ndiye aliyefunga mizigo. Katika ukoo wa Iribarne, kila mtoto mchanga aliwekewa dola ya Carson chini ya godoro, mila iliyoanzishwa na babu yake Pascal, mchunga kondoo. Corinne aliwekewa yake, ya 1882. Alipofika darasa la nne, baba yake aliichukua na kuiweka kwenye albamu, kwa usalama, na humo ilikuwa bado.

Gari liliondoka Jumapili baada ya misa. Pascal alipunga mkono mpaka likakata kona.

Jioni ile hakuna kilichoingia. Kizingiti kilikuwa kikavu na salfa ililala pale pale iliponyunyizwa. Pascal alikaa akisubiri, kisha akavaa glavu na kufungua albamu ili azitazame kwa utulivu. Tundu la 1889 lilikuwa wazi.

“Nadine.”

“Naam.”

“Iko wapi?”

Nadine alikuwa anakausha sahani. “Zilipokuwa kumi na mbili hakuna kilichokuja mlangoni petu. Ilipoingia ya kumi na tatu, vikaja. Nimezirudisha kuwa kumi na mbili. Tazama, pakavu.”

“Nimekuuliza iko wapi.”

“Kwenye soksi ya mtoto. Moja peke yake itamvuta nani? Na nimechukua hiyo kwa sababu hilo tundu ulishalizoea kuliona wazi, mzee wangu. Nilifikiri haitakuuma sana.”

Pascal alitoka nje. Wendell alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono mifukoni, anatazama chini. Zebaki ilikuwa inapita. Ilikuja kutoka mtoni kama siku zote, ikapanda mwinuko, ikafika kwenye lango la Iribarne na haikugeuka. Iliendelea hadi barabara kuu, na huko ikashika upande wa mashariki, utepe mwembamba usiokatika.

“Leo hawasimami,” alisema Wendell. “Umewaudhi?”

Pascal alichuchumaa kando ya utepe. Alikuwa anapanga mambo kwa mfuatano wake: bei iliyopunguzwa bila kuombwa, unga wa manjano, jioni ile ya kwanza. Hesabu ya Nadine ilikuwa sahihi isipokuwa mahali pamoja. Haikuwa idadi, ilikuwa ile ya 1889 yenyewe. Zile kumi na mbili hazikuwahi kumwita mtu. Alitazama mwendo wa utepe, ambao ulikuwa kama wa kondoo wanaokula njiani, akaulinganisha na umbali wa Elko. Ungefika karibu na wakati wa kujifungua.

Aliingia ndani akapiga simu.

“Tumefika salama, Aita,” alisema Corinne. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga. “Dustin yuko juu ya paa na mjomba wake, wanagombana kuhusu misumari. Nimefungua mizigo.”

“Kuna dola kwenye soksi ya mtoto.”

“Nimeiona. Ya 1889. Nililia, si unajua sasa hivi nalia hata nikiona mkate. Sikutegemea kabisa kwamba utaitoa hiyo. Nilikusema vibaya njia nzima, muulize Dustin. Nisamehe.”

Pascal alikuwa amesimama dirishani. Sentensi aliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi na alikuwa nayo tayari mdomoni. Alijua pia kwamba akiisema, Corinne angefungua mlango wa nyumba ile isiyo na paa na kuirusha dola vichakani, na kwamba hakuna mtu ambaye angeiona tena. Nje, mwanga ulikuwa umebaki kidogo, na utepe ulikuwa unaonekana kuliko barabara yenyewe.

“Aita? Upo?”

“Nipo. Ishike kwa ukingo,” alisema. “Usiiguse usoni. Na hata ikiingia weusi, usiisugue.”

“Nitaiweka chini ya godoro lake.”

“Vizuri.”

Majira ya kuchipua yalipoanza, ofisi ya barabara ilisimika kibao cha manjano karibu na lango la Iribarne, cha aina ile inayowekwa mahali wanyama wanapovuka, kuwataka madereva wapunguze mwendo zebaki inapopita. Madereva walipunguza. Wendell alikipima kwa macho, akasema kiko juu mno kwa shati.

Pascal alikata kipande cha karatasi ngumu kwa mkasi, kikawa duara lenye ukubwa wa dola, na kwa wino mweusi akaandika juu yake neno moja, kama yafanyavyo majumba ya makumbusho kitu kinapokuwa kimetoka kwa muda. Akakibonyeza katika tundu la 1889. Kilikaa sawasawa.

Kiliandikwa: Imeazimwa.