Sekunde Mbili za Bi Dakika

Kwa miaka kumi na tisa, Jumatatu hadi Jumamosi, taarifa ya habari ya saa saba mchana ilifunguliwa na kidole kimoja, nacho kilikuwa cha Bi Dakika. Jina lake la kwenye kitambulisho lilishasahauliwa hata na karani wa ofisi. Alikaa chumba cha mitambo mbele ya saa ya ukutani yenye tarakimu nyekundu, akasubiri, akabonyeza, na habari zikaenda hewani. Anyeshewe, ashikwe na mafua, kidole kilikuwepo. Hata likizo aliichukua kwa vipande, asubuhi mbili hapa, jioni moja pale.

Sifa hiyo ya kutokosea hata sekunde ilimfurahisha, tusidanganyane. Lakini baba yake mzazi, mzee wa miaka themanini na mbili, alikuwa amehamia kwake mwaka wa sita sasa, na chakula cha mchana alikula peke yake mbele ya televisheni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja tu alisema, "Mwanangu, sahani moja mezani haina mazungumzo." Bi Dakika alilibeba neno hilo kifuani kama jiwe.

Ndiyo maana programu mpya ya kompyuta inayorusha vipindi yenyewe ilipoletwa, yeye aliyetarajiwa kununa ndiye aliyeipokea kwa mikono miwili. Meneja akamwekea sharti.

"Ifundishe kazi. Leo ikipita majaribio kabla ya saa tano, habari za saa saba ni zake, na wewe nenda ukale na mzee. Ikikosea, naifungasha inarudi ilikotoka, tunaendelea na kidole chako. Sina moyo wa kujaribu kila wiki."

Saa moja asubuhi Bi Dakika alikuwa kitini. Akaionyesha programu vipindi vilikohifadhiwa, akaielekeza picha itokee kwenye waya upi, akaandika picha ishirini na tano kwa kila sekunde, akaweka nembo ya kituo kwenye kona ya juu. Mwisho ikamuuliza: skrini ikiwa nyeusi kwa zaidi ya sekunde moja, nifanye nini? Hapo hakufikiri mara mbili. Kwenye televisheni giza ni aibu. Akaiamuru ikiache kipindi hicho, irushe picha ya akiba, ile ya maua yenye maneno "Tutarejea punde".

Akapanga vipindi kumi vifupi kwenye skrini ya majaribio, akaiachia. Cha kwanza, maua. Cha pili, maua. Cha tatu kilikuwa cha kilimo, na kwa muda akadhani kimepita, kumbe hayo nayo ni yale yale maua.

"Tutarejea punde, tutarejea punde! Mmekwenda wapi?" akaifokea kompyuta.

Akakagua nyaya. Akazima, akawasha. Akabadilisha kila alichoweza kubadilisha isipokuwa kiti. Saa nne na robo alikuwa bado anatazama bustani, na kusema kweli alitaka kulia. Si kwa ajili ya mtambo. Alimwona baba yake akivuta kiti kimoja, akipakua sahani moja.

Akajifuta uso, akafungua kipindi chenyewe, akakipitia picha moja baada ya nyingine. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Akahesabu hadi hamsini ndipo akatokea mtu mwenye jembe. Akafungua kingine: hamsini. Cha tatu: hamsini. Sekunde mbili za giza, zimepimwa kama kwa rula. Hii haikuwa bahati mbaya. Akainuka, akaingia chumba cha pili, kwa mhariri wa picha ambaye kituo kizima kilimwita Makasi.

"Kaka Makasi, nani anatia giza mwanzoni mwa vipindi?"

Makasi akavua vifaa vya masikioni taratibu sana. "Mimi, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mtambo wa kanda ulipokufa. Miaka kumi na miwili."

Mtambo wa kanda! Ulikuwa mzito kuamka. Ukiubonyeza, picha inatokea baada ya sekunde mbili. Kwa hiyo Bi Dakika alijizoeza kubonyeza sekunde mbili kabla. Mtambo ukafa, ikaletwa kompyuta isiyosinzia, kidole kikaendelea na mambo yake. Mazoea yana taabu.

"Ukawa unafungua habari na kila kipindi kabla ya saa," Makasi akasema. "Sekunde mbili kamili, hukosei hata siku moja. Nikaona niweke giza mbele, picha yenyewe itokee saa saba kamili."

"Na hukuniambia?"

"Nani akuambie, dada? Uliipenda mno ile sifa. Meneja mwenyewe alisema tukuache."

Uso wake ukawaka moto. Akafungua kinywa amchambue Makasi kama karanga, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Miaka kumi na miwili mmenibeba mgongoni kama mtoto!"

"Hukuwa mzito," Makasi akasema.

Vipindi vilikuwa zaidi ya elfu nne. Kuvikata vyote ilikuwa kazi ya miezi. Bi Dakika akarudi kitini. Penye muda wa kuanza kila kipindi akaandika: sekunde mbili kabla. Penye giza akafuta moja, akaandika tatu. Mtambo mpya ukaambukizwa ugonjwa wake wote, na hapo hapo ukapona. Vipindi kumi vikapita, kila picha ikatokea kwenye sekunde yake. Saa tano kasoro dakika nne meneja alichungulia, akatazama saa, akatazama skrini.

"Sasa wewe bado unafanya nini hapa?"

Alifika nyumbani saa saba kasoro robo. Baba yake akashangaa, akafurahi, akauliza kama kuna msiba, akaambiwa hakuna, akafurahi upya. Wakapakua sahani mbili. Bi Dakika aliketi na kijiko mkononi lakini hakula. Macho yalikuwa kwenye skrini, kidole kikigonga meza chenyewe.

Saa saba kamili habari zikafunguka, safi.

Mzee akaiinamia televisheni kidogo, kama mtu anayepokea kitu. "Asante, mwanangu," akaiambia.

"Baba, unamshukuru nani?"

Mzee akageuka, akamwona pale alipo, akacheka kwa aibu. "Wewe. Kila siku ukizifungua nakushukuru. Nilijua huko uliko husikii."

Machozi yalimtoka Bi Dakika, naye hakuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya furaha tupu.

"Nimesikia, baba," akasema.

"Haya, basi kula. Chakula kinapoa."