Sahani Isiyo Tupu

Kling. Bado giza, nikasikia sahani ya bati ikitua kwenye kizingiti changu, kisha ndara za Moina zikirudi kwake taratibu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana magharibi. Nikatoka kwa kupapasa, nikaiokota sahani, nikaingiza vidole chini ya kawa. Haikuwa tupu. Njaa ikanisukuma: nikachukua nilichokigusa, nikadhani ni ganda la mkate, nikakitia mdomoni nikatafuna.

Ilikuwa karafuu. Ulimi wote ukaingia ganzi.

Kosa langu mwenyewe. Kwa mama yangu, mjini Mirontsy katika kisiwa cha Ndzuani, nilifunzwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Mimi na Moina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Moroni, tulikuwa tumeongeza yetu: sukari maana yake tumekula na tumeshukuru; chumvi, leo nyumbani hakuna kitu; karafuu, nina wageni, usije mpaka nikuite. Nilijua yote hayo. Lakini katika lile giza nilijiuliza swali moja tu, ni tupu au si tupu, na nilipoona si tupu nikala.

Nikatema, nikacheka peke yangu. Wiki nzima sikuwa nimecheka.

Binti yangu Ikrame, wa miaka sita, nilimpeleka huko Mirontsy, jirani na Mutsamudu, kwa bibi yake akakae wiki mbili. Mara Ndzuani ikawa imejitenga kweli kweli na sisi, vikwazo vikafuata, ndege za uwanja wake wa Ouani zikasimama, simu zikakatwa. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Baba yake yuko Marseille, ananitumia sauti yake kwenye kaseti, kila kaseti inaanza, "Mtoto karudi?" Nilikuwa nimechoka kujibu.

Mwishowe ikapatikana ruhusa ya mashua moja, safari moja, kwa watoto waliotengana na wazazi. Watoto thelathini na wanne. Sharti lilikuwa gumu: Mutsamudu watume jina la kila mtoto kwa maandishi, na sisi Moroni tujibu kila jina kwa maandishi, mzazi ni nani na nani atampokea. Sauti ya redio haikukubaliwa. Jina lisilojibiwa kabla ya adhuhuri ya Ijumaa, mtoto wake hapandi.

Kazi hiyo ilikuwa ya kompyuta ya chama chetu cha familia, iliyokaa katika chumba kimoja juu ya duka la mshona kofia karibu na soko la Volo-volo. Ilikuwa na kadi iliyogeuza maandishi kuwa milio, na redio ikairusha milio hiyo baharini hadi kwa Houssein, mtu wetu wa Mutsamudu. Programu ya kuendesha kadi ile aliiandika Fundi Dhoihir. Sisi mwalimu humwita fundi, na huyu alikuwa mwalimu wangu wa masomo ya jioni. Mchana nilipima vitambaa dukani, jioni nikapanda kwake na Ikrame mgongoni, akisinzia shingoni kwangu huku mimi najifunza kuhesabu kwa kumi na sita kama mashine.

Barua fupi zilipita vizuri tu. Lakini siku ya Alhamisi, orodha ndefu ilipoanza, kompyuta ilianguka mara tatu. Skrini inajaa namba nyeupe, kila kitu kinakufa, unazima unawasha unaanza upya. Hatukuwahi kuvuka jina la saba. Ikrame alikuwa wa ishirini na tatu.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Nikaswali alfajiri, na kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa juu ya duka la kofia, ulimi bado mzito.

Combo alikuwa amekwisha kukaa mlangoni. Ni mpakuzi wa bandarini, mtu wa mabega, na wanawe wawili pacha walikuwa kwenye orodha.

"Mashine yenu ina kifafa," akaniambia. "Kule kwetu Ikoni tungeshaisomea."

"Isomee, kaka. Lakini usiiguse."

Ndani, Fundi Dhoihir hakuwa amelala. Alikuwa amefungua kompyuta na kusafisha kila kipande kwa brashi ya meno.

"Ni vumbi," akasema. "Au umeme. Programu ni nzima."

"Fundi, jana ilianguka mahali pamoja mara tatu. Vumbi lina ratiba?"

Akanitazama juu ya miwani. "Chahida, ile programu haikai juu pamoja na hizi unazoziandika wewe. Inakaa ndani ya kiini cha mfumo. Programu ya juu ikikosea, hufa peke yake, mfumo ukaizika ukaendelea. Ndani ya kiini hakuna wa kukuzika. Ukikosea unaanguka na nyumba nzima. Ndiyo maana nimeweka ukaguzi kila mahali. Na wewe darasani bado uko sura ya nne."

"Mimi niko sura ya nne. Mtoto wangu yuko namba ishirini na tatu."

Akasogeza kiti, akanipa nafasi.

Nilikuwa na daftari. Jana, kila ilipoanguka, wengine walipiga kelele, mimi nikanakili skrini, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya na mikono yangu. Nikafungua kurasa tatu nikazipanga. Namba nyingi zilitofautiana. Moja ilikuwa ile ile mara zote tatu, anwani ambayo kiini kilijaribu kwenda kikashindwa: herufi f saba na sifuri moja.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Si mahali. Ni takataka. Kumbukumbu imeharibika."

"Takataka haifanani na nafsi yake mara tatu, fundi."

Nikahesabu kwa vidole, kama alivyonifundisha mwenyewe. Namba hasi, mashine huziandika kwa kurudi nyuma kutoka mwisho kabisa. F nane ni hasi moja. Rudi hatua kumi na tano zaidi, unafika kwenye f saba na sifuri.

"Hasi kumi na sita," nikasema.

"Sasa?"

"Kwenye orodha ya namba za makosa ya mfumo, kumi na sita ni nini?"

Hakuhitaji kuitazama. Lakini aliitazama, polepole, kidole kikishuka kwenye skrini. "Kifaa kina kazi," akasoma. "Subiri."

Ganzi ya karafuu ilikuwa bado kwenye ncha ya ulimi wangu.

"Nionyeshe mahali unapoiomba kadi nafasi ya kutumia," nikamwambia.

Akanionyesha. Mistari ilikuwa safi kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Programu inaomba nafasi, inaletewa anwani. Chini yake ukaguzi: anwani ikiwa tupu, rudi. Ikiwa si tupu, itumie.

"Fundi, leo asubuhi nimekula karafuu."

"Pole."

"Moina alirudisha sahani. Nikapapasa, nikaona si tupu, nikala. Kumbe si chakula, ni ujumbe: nina wageni, ngoja. Na hii kadi, ikilemewa na orodha ndefu, ndivyo inavyokujibu. Haikurudishii sahani tupu. Inaweka namba ya kosa pale pale pa anwani. Wewe unauliza kama ni tupu, si tupu, basi kiini kinaifuata ile namba kana kwamba ni nyumba ya mtu. Hakuna nyumba. Kinatumbukia."

Fundi Dhoihir akavua miwani. Akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Kiini cha zamani kilikuwa kinarudisha tupu," akasema hatimaye. "Hiki kipya nilikiweka mimi mwezi wa pili. Wamebadilisha mahali hapa." Akasoma tena. "Anwani za mwishoni kabisa, hizi za hasi, hazipewi mtu yeyote. Zimeachwa makusudi kwa ajili ya namba za makosa. Unaweza kuzitambua. Ni mstari mmoja." Akacheka, si kwa furaha. "Mstari mmoja, Chahida. Na mimi nimepiga mswaki mashine."

Combo akauliza kutoka mlangoni, "Kwa hiyo dawa ni karafuu?"

"Nyamaza wewe," tukamjibu pamoja.

Niliandika mimi. Fundi alisema macho yake yamechoka, lakini nadhani aliniachia. Baada ya jibu la kadi, kwanza uliza: hii ni anwani, au ni namba ya kosa? Ikiwa ni kosa, lisome ni lipi. Ikiwa ni kumi na sita, rudi, ngoja, jaribu tena. Ikiwa ni jingine, acha na useme wazi ni lipi. Kisha tukaitafsiri programu kwa lugha ya mashine, dakika kumi na moja, nikihesabu kila moja, tukaipakia ndani ya kiini.

Saa nne kasorobo Houssein akaingia hewani. *Mpo? Jenereta ina mafuta mpaka adhuhuri, basi.* Majina yakaanza kuja. La kwanza tukajibu, la pili, la tatu. Wazazi walikuwa wamejaa ngazini mpaka chini kwa mshona kofia. La sita. La saba.

Mashine haikuanguka. Iliganda tu. Skrini ile ile, neno lile lile, wala herufi haisogei. Nikabonyeza, nikabonyeza tena.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kulia polepole. Nilijua mlio ule. Nilikuwa nao kifuani kwa miezi mitano.

"Usiizime," akasema Fundi Dhoihir. "Jana ilianguka, leo imesimama. Hilo ni kosa jingine. Niambie, ulipogundua kwamba kadi ina kazi, ulitoka kwa mlango gani?"

"Nilirudi pale pale."

"Mkononi ulikuwa na nini?"

Nikatazama mistari iliyo juu ya mstari wangu. Kabla ya kuiomba kadi nafasi, programu ilikuwa imefunga kufuli ili mwingine asiingie. Mimi nimetoka nje haraka haraka na ufunguo mfukoni. Kila aliyekuja nyuma yangu alisimama mlangoni akingoja, hata mimi mwenyewe niliporudi kujaribu tena.

"Kufuli," nikasema. "Sikulifungua."

"Hilo ni langu pia. Nilikufundisha kufunga, kufungua nikakuachia uotee." Akavuta kiti karibu, bega kwa bega. "Ndani ya kiini ukishindwa katikati ya njia, hurudi hivi hivi. Unarudisha kila ulichochukua, cha mwisho kwanza. Andika. Achia nafasi uliyoutengea ujumbe. Halafu fungua kufuli. Halafu ndiyo useme umeshindwa."

Nikaandika. Tukatafsiri tena, dakika kumi na moja zile zile, zikiwa ndefu zaidi. Combo aliwashika watu wa ngazini kwa maneno, akiwaambia mashine inatawadha. Tulipowasha upya ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

*Nilidhani mmekufa,* Houssein akaandika.

*Bado,* nikamjibu. *Leta.*

La kwanza. La tano. La sita. La saba, na hapo skrini ikasimama kidogo, kisha ukatokea mstari nilioutunga mwenyewe: *Kosa 16, kadi ina kazi, najaribu tena.* Na chini yake: *Imepita.*

Sijawahi kuona kosa zuri kama lile. Lilirudi kwenye jina la tisa, likarudi kwenye la kumi na nne mara mbili, na kila mara lilisema jina lake, likasubiri kwa adabu, likapisha. Mashine ilikuwa ile ile, kadi ile ile yenye shughuli zake. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa inasikilizwa.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili, mtoto wa yule mama aliyekuwa akilia. Akaketi chini ngazini kama mtu aliyeshushwa mzigo.

*23. Ikrame, miaka 6, yuko kwa bibi yake Zouhoura, Mirontsy. Mzazi?*

Nimeandika mistari mingi maishani mwangu tangu siku ile, na nataraji kuandika mingine. Hakuna niliouandika kwa uangalifu kama huu: *Mama yake, Chahida. Atampokea mwenyewe.*

*Imepita.*

Nikaendelea, kwa sababu baada yake walikuwa bado kumi na mmoja. Pacha wa Combo walikuwa wa thelathini na wa thelathini na moja. Majina yao yalipopita hakufanya mzaha wowote. Aligeuza uso ukutani, mabega yale yote yakitikisika. La thelathini na nne tulilijibu dakika nne kabla ya adhana. Fundi Dhoihir akasimama, akachukua kofia yake aende Ijumaa. Mlangoni akageuka.

"Jioni njoo mapema," akasema. "Nakutaka uwafundishe wenzako sura ya tano, ile ya makosa. Mimi nitakaa nyuma nisikilize."

"Fundi, mimi sijaisoma sura ya tano."

"Umeiandika."

Jumamosi asubuhi mashua iliingia bandarini Moroni. Walishushwa mmoja mmoja kwa orodha, nasi tukajibu tena jina kwa jina, safari hii kwa midomo. Moina alikuja nami. Wageni wake walikuwa wameondoka. Wa ishirini na tatu alishuka akishikilia mkoba wa nguo kwa mikono miwili. Alikuwa amerefuka. Gauni nililomvalisha siku niliyompeleka lilikuwa limefika juu ya magoti. Akasimama hatua tatu mbali nami, akinichunguza, kana kwamba anahakikisha.

Nikapiga magoti kwenye saruji yenye maji ya chumvi, nikanyoosha mikono.

Akaweka mkoba chini. Akafungua mdomo wazi, akaonyesha kwa kidole.

"Mama, jino langu limeng'oka."