Matanga ya Diski ya Pinal

Mume wangu Sulait alifariki mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimesahau sauti yake. Picha ninazo. Sauti sikuwa nayo.

Nikakumbuka kwamba mwaka juzi Pinal, binti wa Kihindi wa Jinja anayetafiti lugha, alikuja kwetu Busiu akamrekodi Sulait akisema Lumasaba, lugha yetu, siku nne nzima. Nikampigia simu.

"Mama Bushira, diski yangu iliingia maji," akasema. "Lakini niliwapa nakala wenzangu sita, wanaisimu kama mimi. Nitawaomba."

Aliwaandikia wote. Dokta Conrad alijibu, "Nimeona." Dokta Naigaga alimwomba Pinal amtumie yeye hizo rekodi. Wanne walinyamaza. Ikapita miezi minne.

Mwalimu Mafabi wa Mbale, aliyemsaidia Pinal kurekodi, alichoka akaenda redioni kuwatafuta wale sita kwa tangazo. Karani alikuwa na fomu za aina moja tu, za matangazo ya vifo. Mafabi akajaza kwa uaminifu. Mchana nikasikia: "Mwalimu Mafabi anasikitika kutangaza kupotea kwa Rekodi za Lumasaba. Wajulishwe Dokta Conrad, Dokta Naigaga na wenzao wanne popote walipo." Majina ya hao wanne pia yalisomwa. Halafu mtangazaji, kwa mazoea, akaongeza: "Maziko ni Jumamosi saa nane, nyumbani kwa Bushira, Busiu."

Kwetu mtu haulizi nani kafa. Anakwenda. Ijumaa majirani walileta turubai, viti na matoke. Wanyera, mchimba makaburi, akaja na sepetu.

"Mama, marehemu ana urefu gani?"

Pinal, aliyekuwa amefika asubuhi, akamwonyesha diski kwenye kiganja. Wanyera akaitazama.

"Nitachimba la mtu mzima," akasema. "Nikichimba dogo watanisema." Akachimba karibu na kaburi la Sulait.

Jumamosi wale wanaisimu sita walifika wote, wamevaa suti nyeusi. Barua pepe unaweza kuipuuza, lakini jina lako likisomwa redioni na usifike mazikoni, Mbale nzima itakujua.

Hajarah, jirani yangu ambaye huendesha kila msiba, akashika kipaza sauti. "Wote waliomjua marehemu wasimame, waseme walimwona lini mara ya mwisho."

Dokta Conrad akasimama, akakohoa. "Mimi niko naye. Yumo kwenye kompyuta yangu, hapa kwenye begi."

"Mzima?" Hajarah akauliza.

"Mzima. Sijawahi kumfungua tu."

"Kwa hiyo, dokta, umekuja kumzika mtu uliyembeba mwenyewe?"

Watu wakacheka chini chini. Dokta Naigaga naye akasimama, akasema kwake pia yupo, alikuwa hajatafuta vizuri.

Likabaki kaburi. Wazee wakasema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Pinal akasema kwa upole, "Kwetu tunachoma." Wakakata shina la mgomba, wakalilaza chini pamoja na diski. Imamu akasema hana dua ya mgomba, lakini alishika sepetu akasaidia kufukia.

Kisha Dokta Conrad akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula, akaifungua.

Ilikuwa sauti ya Sulait. Watafiti humtaka mtu aseme kila neno mara tatu, naye akasema jembe mara tatu, mkungu wa ndizi mara tatu, mvua mara tatu. Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kunirudia neno hata moja. Watu walisikiliza, sahani mapajani.

Likafika neno lenye maana ya mke. Akalisema mara mbili, akanyamaza. Pinal akasikika kwenye rekodi akimwomba mara ya tatu.

"Inatosha," Sulait akasema. "Yuko jikoni hapo, amesikia."

Ni kweli siku ile nilikuwa jikoni, na sikusikia kitu. Nikamwomba Dokta Conrad arudishe nyuma kidogo.